Namna ya kuizuru Pinar del Río kwa kulifuata jani la tumbaku

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, kwenye tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto. Mwongozo huu ni wa mtu wa kwetu anayekwenda Kuba na anataka kuuona mkoa wa Pinar del Río kwa jicho la mkulima. Ushauri wangu ni mmoja: lifuate jani kutoka shambani hadi kwenye robota. Historia na jiografia ya mkoa utazikuta njiani.

Anza na kalenda. Kule mvua kubwa ni Mei hadi Oktoba, na tumbaku haipandwi na mvua kama kwetu. Vitalu huandaliwa Septemba, miche huhamishwa Oktoba hadi Desemba mvua zikikatika, na uchumaji hupamba moto Januari na Februari. Nenda miezi hiyo miwili. Ukienda Julai hutaona jani shambani.

Kutoka Havana ni kama kilomita 160 kwenda magharibi. Mabasi ya Viazul hupita mjini Pinar del Río na kuendelea Viñales. Watalii wengi hupitiliza hadi Viñales. Wewe shukia mjini. Lala kwenye nyumba yenye alama ya nanga ya buluu mlangoni, ndiyo ruhusa ya kupokea wageni wa kigeni, kisha mwombe mwenyeji akutafutie gari la kwenda San Luis na San Juan y Martínez. Hapo ndipo kiini cha Vuelta Abajo, tambarare iliyo kusini mwa milima ya Guaniguanico, na ndipo yanapotoka majani yanayosifiwa kuliko yote kisiwani. Inama uchote udongo: ni wa kichanga, mwepesi, hautuamishi maji.

Shambani utaona aina mbili. Moja iko juani. Nyingine imefunikwa kwa kitambaa chepesi juu ya nguzo ili jani liwe pana na laini, kwa ajili ya kuvika kwa nje sigara nene za Kuba, zile zinazosokotwa kwa majani matupu. Mwombe mkulima akuonyeshe ngazi za mche. Wanachuma kuanzia chini, majani machache kwa kila mkupuo, na kila ngazi ina kazi yake. Kwenye tumbaku ya juani, majani ya chini, volado, husaidia sigara kuwaka. Ya kati, seco, huleta harufu. Ya juu, ligero, huleta ukali, na hukaa ghalani miaka 2 au zaidi kabla ya kusokotwa. Usishike majani yenye umande: nikotini hupenya ngozini, na kichefuchefu chake mtoto yeyote wa mkulima wa tumbaku anakijua.

Kisha ingia kwenye nyumba ya kukaushia, na hapo usiwe na haraka. Kwetu bani, yaani nyumba ya kukaushia kwa moto, linakula kuni usiku na mchana, na miombo ya Tabora imelipa gharama hiyo. Kule tumbaku ya sigara hizi hukaushwa kwa hewa tu. Majani hushonwa mawili mawili kwa sindano na uzi, huning'inizwa kwenye fito, na hupandishwa ngazi kwa ngazi kuelekea paa kadiri yanavyobadilika kutoka kijani hadi kahawia, kwa muda wa siku 50 hivi. Jengo hulazwa mashariki-magharibi ili jua la asubuhi lipige ncha yake moja na la jioni lipige ncha ya pili. Mkulima huchezea milango na madirisha kufuatana na unyevu wa siku. Muulize anafungua lini na anafunga lini. Huo ndio ujuzi wenyewe, na wengi hufurahi kuueleza. Najua tumbaku ya mvuke inahitaji joto lake na haiwezi kukaushwa hivi. Bado naumia nikikumbuka misitu yetu.

Muulize pia juu ya kimbunga Ian. Kilitua pwani ya kusini ya mkoa huu tarehe 27 Septemba 2022 na kuangusha maelfu ya nyumba za kukaushia, wakati ule ule wa kuandaa vitalu. Utaona mbao mpya kando ya mbao nyeusi za zamani.

Habari ya ardhi ni ndefu. Mwaka 1717 Hispania ilihodhi biashara ya tumbaku, wakulima wakaasi, na uhodhi ukaondolewa 1817. Wakulima wengi wa mwanzo walitoka visiwa vya Canary. Baada ya mapinduzi ya 1959 mageuzi ya ardhi yalivunja mashamba makubwa, lakini wakulima wadogo wa tumbaku walibaki na mashamba yao, wakiiuzia serikali sehemu kubwa ya mavuno. Alejandro Robaina wa San Luis, aliyefariki 2010, alisifika kwa tumbaku ya kuvika sigara hadi jina lake likawekwa kwenye chapa ya Vegas Robaina.

Viñales iwe ya mwisho. Iko kama kilomita 25 kaskazini mwa mji, na UNESCO ililiweka bonde lake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Vilima vya chokaa, mogote, vimesimama wima juu ya udongo mwekundu, na ng'ombe bado wanavuta majembe. Tembea kwa miguu asubuhi kabla ya jua kali. Ukipewa kahawa, kunywa. Ukitaka sigara za mkulima, nunua kwake mwenyewe, kwani sehemu ndogo ya mavuno hubaki mkononi mwake, na kwa kawaida huziuza bila chapa. Siku ikibaki, ingia pango la Santo Tomás, lenye njia za zaidi ya kilomita 40 chini ya ardhi. Vaa viatu vya kufunika mguu.