Kutafuta chanzo cha mvumo katika amplifaya ya hedifoni ya valvu, hatua kwa hatua

Mvumo unaosikika kwenye hedifoni hata pale muziki usipopigwa unaweza kuingia kwa njia nne au tano tofauti, na kwa sikio lisilozoea njia hizo zote hutoa sauti zinazokaribiana. Ndiyo maana fundi anayeanza hubadilisha valvu, kisha kapasita, kisha nyaya, na mvumo ukabaki palepale. Utaratibu ninaoufuata ni wa kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja kuanzia nje ya sanduku, mahali pasipo na hatari, na sifungui kifuniko mpaka majaribio ya nje yameshanionyesha kwamba kasoro iko ndani na iko upande gani.

Kuhusu hatari, nasema mapema. Ndani ya amplifaya hizi kuna umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 150 hadi 400, na kapasita za kuchujia, yaani zile zinazoulainisha umeme huo, huushikilia hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi, kisha unganisha rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye nyaya zenye vishikio vya plastiki, kati ya ncha chanya ya kila kapasita kubwa na chesisi, yaani sanduku la chuma. Kapasita ya mikrofaradi 100 huhitaji takribani sekunde 5 kuisha kwa njia hiyo, nawe hakikisha kwa mita kwamba volteji imeshuka chini ya volti 5. Unapolazimika kupima umeme ukiwa umewashwa, funga ncha hasi ya mita kwa klipu na utumie mkono mmoja tu, huku mwingine ukiwa mbali na chuma chochote.

Hatua ya 1: Sikiliza na uitambue sauti yenyewe

Umeme wa gridi hubadilika mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi na mara 60 katika nyingine, Marekani ikiwa mojawapo. Mvumo wa hezi 50 ni mzito, laini, na huhisiwa karibu kama mtetemo. Chanzo chake kwa kawaida ni hita za valvu (nyuzi zinazoipasha valvu joto) zinazolishwa mkondo geu (AC), uga wa sumaku wa transfoma, au mzunguko wa ardhi. Mvumo wa hezi 100 uko oktavu moja juu yake na hutokana na viwimbi vilivyobaki baada ya rektifaya ya mawimbi kamili, yaani sehemu inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kwa sababu rektifaya hiyo huijaza kapasita mara mbili katika kila mzunguko. Sauti ya tatu ni ile yenye makwaruzo, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo, na hiyo huonyesha mipigo mifupi ya mkondo inayopita katika waya wa ardhi usiostahili kuibeba, au kelele kutoka kwa chaja na vipunguza mwanga vya taa vilivyo karibu.

Kama huna uhakika wa unachokisikia, tumia programu ya simu inayotengeneza toni, uchague hezi 50 kisha 100, na uzisikilize kwa hedifoni zilezile. Usizisikilize kwa spika ya simu, kwa kuwa spika ndogo kiasi hicho haiwezi kutoa hezi 50 hata ikiwa programu inaonyesha kwamba inazitoa. Kumbuka pia kwamba kanuni hii ina vighairi viwili: rektifaya yenye dayodi moja tu hutoa hezi 50, na hita zinazolishwa mkondo mnyoofu usiochujwa vizuri huleta hezi 100 ingawa usambazaji wa volteji ya juu hauna kosa.

Zingatia vilevile wakati mvumo unapoanza. Ukiusikia mara tu unapowasha swichi, kabla valvu hazijapata joto, basi haupiti ndani ya valvu. Karibu kila mara huo ni uga wa sumaku wa transfoma ya umeme unaoiingia transfoma ya kutolea sauti, au waya unaokwenda kwenye soketi ya hedifoni. Ukianza polepole baada ya sekunde 15 au 20, unapita katika valvu.

Hatua ya 2: Tenga amplifaya na vyombo vingine

Chomoa nyaya zote za sauti zinazoingia. Chukua plagi mbili za RCA ambazo umezilehemu pini ya kati kwenye mzingo wake wa nje, uzichomeke katika viingizio, kisha washa amplifaya na uongeze sauti mpaka mwisho. Usijaribu kwa viingizio vilivyo wazi, kwa sababu kiingizio kilicho wazi ni antena, na mvumo utakaousikia hautakuambia lolote.

Ikiwa kimya kimetawala, amplifaya yako ni nzima na tatizo ni uhusiano wake na chombo kinacholeta sauti. Hapa nakiri kosa langu: niliwahi kubadilisha kapasita zote za amplifaya moja kwa siku mbili, na mvumo ulikuwa unatoka kwenye chaja ya kompyuta iliyokuwa ikipiga muziki. Kuichomoa chaja hiyo na kuiacha kompyuta itumie betri ni jaribio la sekunde tatu. Ikiwa mvumo unakoma hapo, una mzunguko wa ardhi: vyombo viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, kupitia waya wa umeme na kupitia waya wa nje wa kebo ya sauti, na mkondo mdogo unazunguka kati yake. Anza kwa kuviunganisha vyombo vyote kwenye ubao mmoja wa soketi za umeme, na isipotosha, weka transfoma ya kutenganisha katika njia ya sauti. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ya umeme. Mvumo utaondoka, ni kweli, lakini siku insulesheni ya transfoma itakapovunjika, chuma cha sanduku na waya wa hedifoni ulioko kichwani mwako vitakuwa na umeme wa gridi.

Hatua ya 3: Zungusha kitufe cha sauti

Plagi za kufungia viingizio zikiwa bado mahali pake, zungusha kitufe kutoka sifuri hadi mwisho. Mvumo usiobadilika kabisa unaingia baada ya potenshiometa, yaani rezista inayozungushwa na kitufe hicho, kwa hiyo nenda kwenye usambazaji wa umeme, hita na ardhi. Mvumo ulio mdogo katika ncha zote mbili na mkubwa mahali fulani katikati una maana mahususi ambayo wengi huipuuza: potenshiometa ya kiloomu 100, kiingizio kikiwa kimefungwa, huonyesha ukinzani wa kiloomu 25 inapokuwa katikati kiumeme, na hapo ndipo waya unaotoka mguu wake wa kati kwenda kwenye gridi ya valvu (pini inayopokea sauti, si gridi ya umeme) huwa mwepesi zaidi kunasa uga wa umeme ulio karibu. Dawa yake ni waya wenye ngao, ngao ikiwa imeunganishwa ardhini upande mmoja tu, pamoja na kuunganisha kwenye ardhi mwili wa chuma wa potenshiometa yenyewe. Mara nyingi ukigusa ekseli ya kitufe kwa kidole na mvumo ukabadilika, umeshapata jibu bila kufungua chochote.

Hatua ya 4: Badilishana valvu

Zima, subiri dakika kumi zipoe, kisha hamisha valvu ya upande wa kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Mvumo ukihama pamoja na valvu, valvu hiyo inavujisha umeme kutoka hita hadi kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), na hakuna marekebisho zaidi ya kuibadilisha. Mvumo ukibaki upande uleule, valvu haina hatia. Mvumo unaosikika sawasawa pande zote mbili ni mara chache sana kuwa kosa la valvu, isipokuwa katika amplifaya ambayo valvu moja yenye triodi mbili, yaani vikuzaji viwili ndani ya kioo kimoja, huhudumia pande zote. Hapo utahitaji valvu nyingine unayoiamini. Hakikisha tu kwamba ni ya aina ileile. ECC82 na ECC88 huingia katika soketi moja ya pini tisa, lakini pini 4 na 5 za ECC82 zinahitaji volti 12.6 ilhali za ECC88 zinahitaji 6.3, na pini ya 9 ni katikati ya hita kwa ile ya kwanza na ni ngao ya ndani kwa ile ya pili.

Hatua ya 5: Pima viwimbi vya usambazaji

Sasa kifuniko kinafunguliwa. Ikiwa sauti uliyoitambua ni hezi 100, weka mita katika kipimo cha mkondo geu, uunganishe kapasita ya nanofaradi 100 ya volti 630 mfululizo na ncha yake chanya ili kuzuia mkondo mnyoofu, kisha pima katika kila kapasita ya kuchujia kwa zamu.

Ili ujue unachotarajia, gawanya mkondo unaotumika kwa zao la masafa na ukubwa wa kapasita. Amplifaya inayotumia miliampea 40, yenye kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 47, itakuwa na viwimbi vya takribani volti 8.5 kutoka kilele hadi bonde kwenye kapasita hiyo. Mita itaonyesha karibu volti 2.5, kwa kuwa husoma wastani wa aina yake na si vilele. Ikifuatiwa na rezista ya kiloomu 1 na kapasita nyingine ya mikrofaradi 47, viwimbi hupungua mara 30 hivi, vikabaki kama volti 0.3 kutoka kilele hadi bonde. Ukikuta hatua ya pili haipunguzi kwa kiwango hicho, kapasita yake imekauka. Kuthibitisha, zima, toa umeme wote, unganisha kapasita nzima sambamba na ile unayoishuku, ukizingatia ncha na volteji, kisha washa tena usikilize.

Usishawishike kuikuza sana kapasita ya kwanza. Rektifaya ya valvu ina kikomo, kwa mfano mikrofaradi 60 kwa GZ34, na hata kwa dayodi kapasita kubwa mno hufanya mipigo ya mkondo kuwa mikali zaidi, jambo linalotupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Fuatilia njia ya ardhi

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo amplifaya nyingi zilizotengenezwa kwa mkono zinapokosea, na ndipo panapostahili saa nyingi kuliko hatua zote nyingine. Mkondo unaoijaza kapasita ya kwanza hauji kwa utulivu. Huja kwa mipigo mifupi ambayo kilele chake chaweza kufika nusu ampea. Kipande cha waya chenye ukinzani wa omu 0.02 tu kikipitiwa na mpigo huo huzalisha milivolti 10. Ikiwa kipande hichohicho ni sehemu ya ardhi ya kiingizio, milivolti hizo 10 zinakuzwa pamoja na muziki.

Kwa hiyo ncha hasi ya rektifaya, au sehemu ya kati ya transfoma, iende moja kwa moja kwenye ncha hasi ya kapasita ya kwanza na isiguse kitu kingine. Kutoka hapo waya mmoja uende kwenye kapasita ya pili, na kutoka kapasita ya mwisho ndipo ardhi ya sauti ianze, ikikutanisha ardhi za valvu, potenshiometa na soketi ya hedifoni katika nukta moja. Nukta hiyo iunganishwe na chesisi mara moja tu, karibu na viingizio. Tumia kipimo cha omu kuhakikisha: fungua kiungo hicho kimoja, na ardhi ya sauti isionyeshe muunganiko wowote na chesisi. Ikionyesha, mshukiwa wa kwanza ni soketi ya hedifoni yenye shingo ya chuma iliyokazwa kwenye paneli bila pete za plastiki za kuitenga na paneli, na wa pili ni viingizio vya RCA vya namna hiyohiyo.

Waya wa ardhi ya usalama ni jambo tofauti: wenyewe hukazwa kwenye chesisi kwa bolti yake, karibu na mahali umeme unapoingilia, na hauondolewi kwa sababu yoyote.

Hatua ya 7: Shughulikia hita

Mvumo wa hezi 50 uliobaki baada ya ardhi kurekebishwa hutoka kwenye hita au kwenye sumaku. Nyaya za hita zisokotwe kwa kubana, zipite kwenye pembe za chesisi, na zifike katika soketi ya valvu kutoka upande ulio mbali na pini ya gridi. Hakikisha saketi ya hita ina rejeleo, yaani kiungo kinachoishikiza kwenye volteji inayojulikana, kwa kawaida ardhi. Inayoelea bila rejeleo huvuma sana. Ikiwa transfoma haina waya wa kati, rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande wa hita hadi ardhi, hutosha.

Palipobaki mvumo, inua rejeleo hilo. Kwa usambazaji wa volti 250, rezista ya kiloomu 220 ikifuatiwa na ya kiloomu 47 hadi ardhini hutoa volti 44 hivi kwenye makutano yake; weka kapasita ya mikrofaradi 22 ya volti 100 sambamba na ile ya kiloomu 47, ondoa rejeleo la hita ardhini, na ulihamishie kwenye makutano hayo. Hita ikiwa juu ya kathodi, elektroni zinazoponyoka kutoka hita hazivutwi tena na kathodi. Soma kwanza kikomo cha volteji kati ya hita na kathodi katika karatasi ya data ya valvu yako.

Kuhusu sumaku, jaribio ni rahisi: legeza boliti za transfoma ya umeme, izungushe nyuzi 90 plagi ikiwa imechomolewa, kisha washa usikilize.

Hatua ya 8: Pima kilichobaki

Acha amplifaya ipate joto kwa nusu saa, viingizio vikiwa vimefungwa, na upime mkondo geu kwenye soketi ya hedifoni. Hedifoni za omu 32 zinazotoa desibeli 100 kwa miliwati moja hupokea volti 0.18 kwa kiwango hicho, hivyo milivolti 1 ya mvumo hutoa desibeli 55, ambayo katika hezi 100 utaisikia waziwazi chumbani penye utulivu. Milivolti 0.1 hutoa desibeli 35, karibu na ukingo wa usikivu katika masafa hayo, na kwa hezi 50 iko chini ya ukingo huo. Amplifaya iliyofika hapo na bado inavuma kwenye vipokea sauti vidogo vya kuingiza masikioni haina kasoro ya kutafutwa; imekuza kupita mahitaji ya vipokea sauti hivyo, na rezista mbili za kupunguza nguvu kabla ya soketi zitamaliza kazi.