SOMO: Kuchagua rauta ya ofisi ndogo bila kupigwa

Mbukwenyi wakuu. Kazi yangu kufunga neti kwenye ofisi ndogondogo hapa Dodoma, Makole, Area C, Ilazo mpaka Mtumba, na watu wengi nawakuta wamenunua rauta (kiboksi kinachogawa intaneti ofisini) kwa kuhesabu antena, wakati antena ni za waifai tu, hazikulindi na chochote.

Hatua ya 1. Hesabu vifaa, usihesabu watu. Wafanyakazi 8 maana yake simu 8, laptop kadhaa, printa, kamera, ushafika 20 na wageni bado hawajaomba pasiwedi.

Hatua ya 2, hapa naomba mtulie. Kabla hujatoa hela ingia tovuti ya mtengenezaji uangalie hiyo modeli apdeti ya mwisho ilitoka lini, kama ni miaka mitatu nyuma achana nayo hata wakikupa nusu bei. Mwaka 2018 RouterOS, programu inayoendesha rauta za kampuni ya MikroTik, ilikutwa na tundu la kiusalama, wenyewe wakaliziba mwezi wa 4, lakini rauta kibao zikaendelea kuvamiwa miezi na miezi kwa sababu wenye nazo hawakuapdeti. Bei rahisi bila apdeti ni hasara unayoilipa baadaye.

Hatua ya 3. Mimi ofisi ndogo nawafungia MikroTik hEX. Ina milango 5 ya waya ya kasi ya giga, fayawoli (kinga ya kuzuia wavamizi) imo humohumo, waifai haina so utaongeza akses pointi, yaani kifaa cha kurusha waifai. Ninachoipendea zaidi, ile hEX ya RB750Gr3 inakula DC (umeme kama wa betri) kuanzia volti 8 mpaka 30, umeme ukikatika betri ya volti 12 inaibeba moja kwa moja. Ukiwa na kompyuta ya zamani unaweza kuweka pfSense au OPNsense, programu za kuigeuza kompyuta kuwa rauta, ni za bure, ila iwe na kadi mbili za mtandao na ujue LUKU itakimbia maana inawaka usiku na mchana.

Hatua ya 4. Siku ya kuwasha: apdeti kwanza, badili pasiwedi ya admin, funga njia ya kuingia kwenye rauta kutokea nje, wageni wape waifai yao pembeni. Na ifunge juu ukutani mbali na dirisha, vumbi letu mnalijua.

MASWALI

– Mkuu nina steshenari Majengo, tupo watatu, nayo inahitaji hivyo vyote?
Hapana kaka, kiboksi ulichopewa na mtandao kinatosha, badili pasiwedi tu, ila wateja wasiingie waifai moja na kompyuta yenye mahesabu.

– Faiba ikikata inaweza kuhamia laini ya simu yenyewe?
Inaweza, mlango wa 1 faiba, wa 2 modemu ya laini, unaseti ya pili ishike ya kwanza ikifa. Mwambie fundi achomoe waya mbele yako uone ndo umlipe.

– Nimepata rauta ya mtumba, vipi?
Chukua dada, ila ifute yote uweke programu upya kutoka kwa mtengenezaji, usitumie seti za mwenye nayo wa zamani hata kama inashika neti vizuri.