Uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikani: simama juu ya jiwe la duara

Ukiwa uwanjani, tafuta jiwe la duara lililolazwa chini kati ya mnara wa Misri na chemchemi. Yapo mawili, moja kila upande, na yameandikwa "Centro del Colonnato", yaani kitovu cha safu za nguzo zinazouzunguka uwanja. Weka miguu yote miwili juu yake, kisha tazama nguzo za upande huohuo. Safu nne zinageuka moja: kila nguzo ya mbele inazificha tatu za nyuma yake. Sogea hatua moja tu, msitu wa nguzo unafumuka. Inapendeza mno! Msanifu majengo Bernini, aliyeanza kazi hii mwaka 1656, alizipanga nguzo zote 284 kwenye mistari inayotoka kwenye mawe hayo, kama spoku za gurudumu la baiskeli, na za nyuma akazifanya nene zaidi. Jiwe la kulia halifai kwa nguzo za kushoto. Ukipiga picha, simu nayo ishike karibu na uso. Ukinyoosha mkono, tayari umetoka katikati. Jumatano asubuhi, Papa akihutubia waumini hapo, viti na vizuizi huweza kukufungia njia. Nenda siku nyingine, mapema, kabla jiwe halijapata foleni.