Namna ya kupima usomaji wa mwanafunzi wa lugha ya pili kabla ya kupanga masomo

Mwanafunzi akisoma kwa kusitasita, walimu wengi humrudisha kwenye silabi. Lakini anayesoma lugha ya pili huweza kukwama kwenye maandishi au kwenye lugha yenyewe, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kipimo hiki hufanywa na mwanafunzi mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Andaa vifungu viwili vya ugumu unaolingana, maneno 100 hadi 150 kila kimoja, ambavyo hajawahi kuviona. Mada iwe anayoifahamu, la sivyo utapima ujuzi wake wa mada.

Hatua ya 2: Asome kifungu cha kwanza kwa sauti, nawe uweke alama kwenye nakala yako kila anaporuka, kubadili au kuongeza neno. Akijisahihisha, usihesabu kosa. Hiyo ni dalili kwamba anafuata maana. Akikosea maneno 9 kati ya 120, amepata asilimia 92.5. Kwa kawaida 95 na kuendelea humaanisha anakimudu peke yake, 90 hadi 94 kinafaa kufundishia, chini ya hapo kimemzidi. Vichukue viwango hivi kama mwongozo tu.

Lafudhi si kosa. Ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi r na l atatamka "kura" palipoandikwa "kula". Muulize maana, akitaja chakula, amesoma sawasawa. Lakini akisoma "amepika" badala ya "amempikia", amemwangusha aliyepikiwa. Kosa la namna hiyo likijirudia, umeshapata somo la kesho.

Hatua ya 3: Mwambie asimulie alichosoma. Kama unaielewa lugha yake ya kwanza, mruhusu aitumie, kwani hapa hupimi kuzungumza. Kisha uliza maswali machache, mengine yenye majibu yaliyoandikwa waziwazi, mengine ya kung'amua.

Hatua ya 4: Hii ndiyo inayorukwa, nami naithamini kuliko zote. Msomee wewe kifungu cha pili, yeye asikilize bila kukiona, halafu umuulize maswali ya aina ileile. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la kuzidisha kutambua maneno kwa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Akielewa kwa kusikia lakini si kwa kusoma, mfanyishe mazoezi ya herufi, silabi na kurudia kifungu kilekile mpaka akizoee. Akisoma kwa mtiririko mzuri na bado haelewi kwa njia yoyote, anahitaji msamiati na sarufi. Huyu husahaulika sana darasani, maana sauti yake inaturidhisha, tafadhali mtafute. Akishindwa kote kuwili, anza na lugha ya mdomo huku ukifundisha herufi kidogo kidogo kwa maneno ambayo tayari anayajua.

Hatua ya 5: Rudia baada ya wiki 6 hadi 8 kwa vifungu vipya vya ugumu uleule. Kwenye daftari andika na aina ya makosa, si asilimia peke yake.