Dai saa zako za ziada, kibarua kisiote nyasi

Nilikuwa karani wa kupokea mizigo ghalani. Zamu yangu iliisha saa 11 jioni, lakini magari yalikuja yalipotaka. Kwa miezi 7 nilibaki hadi usiku karibu kila wiki, na mwisho wa mwezi hati ya mshahara ikaja ileile, bila hata senti ya nyongeza. Siku niliyochoka nilimfuata msimamizi mbele ya wenzangu wote nikamuuliza hela yangu iko wapi. Akanijibu kwa maneno matatu: "Nani alikutuma ubaki?" Nikakosa la kusema, maana kila agizo alikuwa amelitoa kwa mdomo.

Hela hiyo niliipata baadaye, na kazi sikuipoteza. Naandika njia niliyoipita kwa ajili ya yule ambaye leo usiku anarudi nyumbani amechelewa na moyo unamuuma.

Kabla hujafungua mdomo, fungua daftari. Kila siku, usiku huohuo, andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, mapumziko uliyopata, kazi iliyokubakiza na aliyekuagiza. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Jumanne. Nimeingia 1:40 asubuhi, zamu inaanza saa 2. Gari la mwisho limefika 12:50 jioni, magunia 340, hati ya mapokezi nimesaini mimi. Nimetoka 2:17 usiku. Msimamizi kasema nisiondoke." Kilichoupa ukurasa huo nguvu ni ile hati ya mapokezi: ina tarehe, muda na saini yangu, na imelala kwenye kabati la kampuni yenyewe. Mimi niliandika namba yake tu. Hapo nakuomba uwe mwangalifu sana. Usibebe nyaraka za kazini kwenda nazo nyumbani, wala usipige picha karatasi zenye majina ya wateja. Mwajiri anayetafuta kisingizio cha kukuondoa, usimkabidhi sababu ya kweli.

Zile dakika 20 za asubuhi nazo ziandike. Dakika 20 kwa siku 26 ni saa 8 na dakika 40. Hiyo ni siku nzima ya kazi, kila mwezi, bure.

Swali la "nani alikutuma" nililitafutia dawa ndogo. Kila nilipoambiwa nibaki, nilimtumia msimamizi ujumbe wa simu palepale: "Sawa bosi, nabaki mpaka gari la pili lishushwe kama ulivyosema." Mara nyingi alijibu "ok" tu. Hiyo "ok" ilinitosha. Baada ya miezi 3 nilikuwa nayo mara 22, na hakuna hata siku moja tuliyogombana.

Sasa piga hesabu. Soma mkataba wako ujue saa za kawaida ni ngapi kwa wiki. Zizidishe kwa 52, gawanya kwa 12, utapata saa za mwezi: wiki ya saa 48 inatoa saa 208, wiki ya saa 45 inatoa 195. Gawanya mshahara wa mwezi kwa idadi hiyo, ndicho kiwango chako cha saa moja. Kisha tafuta sheria ya nchi yako inasema saa ya ziada inalipwa mara ngapi. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1919, uliweka kwa viwanda saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na saa za ziada zisilipwe chini ya mara moja na robo. Nchi nyingi zimepanda hadi mara moja na nusu, yaani saa 10 za ziada zinalipwa kama 15. Angalia pia kama wewe ni miongoni mwa wanaohesabiwa, kwa sababu viongozi wa kazi huwa wameachwa nje, hata kwenye mkataba huo wa 1919. Lakini kuitwa "msimamizi" kwenye kitambulisho hakutoshi; kinachotazamwa zaidi ni kazi unayoifanya kweli. Na usikawie mno: madai ya mshahara yana ukomo wa muda, kwingine ni mfupi kuliko unavyodhani.

Ukishakuwa na jumla, nenda kwa karani wa mishahara kwanza, si kwa bosi mkubwa. Nenda na barua, si na hasira. Yangu ilikuwa fupi: "Naomba kuhakikiwa saa zangu. Kwa kumbukumbu zangu, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa kumi nimefanya saa 158 nje ya zamu ambazo hazionekani kwenye hati za mshahara. Nimeambatisha orodha ya tarehe na namba za hati za mapokezi. Naomba jibu ndani ya siku 14." Sikuandika "mmeniibia", ingawa ndivyo nilivyojisikia. Ukimwandikia mtu kana kwamba kuna kosa la hesabu, unamwachia mlango wa kulirekebisha bila kuaibika. Baki na nakala iliyogongwa mhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa.

Nakala hiyo ndiyo ngao ya kazi yako. Ukipewa onyo la ghafla wiki mbili baada ya barua, baada ya miaka bila onyo hata moja, tarehe zenyewe zinazungumza. Ndiyo maana kipindi hiki fika mapema, maliza kazi zako, usigome peke yako. Mkiwa watano wenye dai moja, andikeni pamoja. Ni vigumu kumnyooshea mmoja kidole. Kama kuna chama cha wafanyakazi, barua ipitie huko.

Wakikaa kimya, nenda kwa afisa kazi. Mkataba wa ILO Na. 81 wa 1947 unamtaka mkaguzi wa kazi afiche kabisa chanzo cha malalamiko, asimdokezee hata mwajiri kwamba ukaguzi umetokana na malalamiko. Waambie mapema kwamba unataka jina lako lisitajwe. Na Mkataba Na. 158 wa 1982 unasema kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Uliza kama nchi yako imeiridhia au ina kifungu kama hicho. Kinga haizuii kila bosi kukasirika, ila inakupa pa kusimama akivuka mpaka.

Mimi sikufika huko. Siku ya 11 karani aliniita, akafungua mafaili ya mapokezi, tukapitia tarehe moja baada ya nyingine hadi chai yake ikapoa. Walikubali saa 121. Saa 37 zilizobaki zilikuwa za miezi ya mwanzo, kabla ya daftari, na sikuweza kuzithibitisha. Kisha akanisogezea karatasi iliyoandikwa "nimelipwa haki zangu zote, sina dai lingine". Nilikataa kwa upole, nikaomba iandikwe "nimepokea malipo ya saa 121", nikaambatisha orodha, ndipo nikasaini. Mwezi uliofuata hati ya mshahara ilikuwa na mstari mpya wa saa za ziada. Niliulinganisha na daftari kabla sijaondoka dirishani.