Namna ya Kufumbua Mafumbo ya Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

Mwanafunzi anayekokotoa x² − 17x + 30 = 0 bila taabu mara nyingi hukwama akipewa fumbo la maneno ambalo ndani yake umo mlinganyo huohuo. Ukokotoaji anaujua, kinachomshinda ni kuutoa mlinganyo katika maneno, na baadaye kuyapima majibu kwa maneno hayohayo. Mwongozo huu unahusu kazi hizo mbili, na unamchukulia msomaji kuwa tayari anafahamu kutafuta vigawo na kutumia kanuni ya jumla.

Kwanza soma swali lote kabla ya kuandika chochote, kisha lieleze upya kwa maneno yako mwenyewe. Katika shule zetu za sekondari swali huja kwa Kiingereza, na kwa maoni yangu mwanafunzi asione aibu kulieleza kwa Kiswahili pembeni ya karatasi, kwani fumbo lisiloeleweka halifumbuliki. Baada ya hapo andika sentensi kamili inayosema x ni nini, pamoja na kipimo chake. Kuandika "x ni njia" hakutoshi, maana njia ina urefu, upana na eneo. Andika "x ni upana wa njia kwa mita".

Tuchukue mfano. Bustani ya mstatili ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 14. Ndani yake, kuzunguka pande zote nne, imetengwa njia yenye upana ulio sawa kila mahali, na eneo lililobaki katikati kwa ajili ya mboga ni mita za mraba 160. Tafuta upana wa njia.

Chora mstatili mkubwa, kisha mdogo ndani yake. Mchoro huo ndio utakaokuonyesha jambo ambalo wengi hulikosa: njia inakula urefu wa bustani kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo urefu unaobaki si 20 − x bali ni 20 − 2x, na upana unaobaki ni 14 − 2x. Eneo la mboga ni urefu huo mara upana huo, nasi tumeambiwa kwamba ni 160:

(20 − 2x)(14 − 2x) = 160

Hapa ndipo kipeo cha pili kinapozaliwa, yaani pale kiasi kisichojulikana kinapozidishwa kwa kiasi kingine ambacho nacho kinakitegemea. Fungua mabano upate 280 − 68x + 4x² = 160, hamishia kila kitu upande mmoja, kisha gawanya kwa 4:

x² − 17x + 30 = 0
(x − 2)(x − 15) = 0

Kwa hiyo x = 2 au x = 15. Majibu yote mawili ni chanya, na yule aliyezoea kukata jibu hasi tu hajui akate lipi. Rudi kwenye bustani. Njia yenye upana wa mita 15 ingehitaji mita 30 kwa pande mbili, ilhali bustani nzima ina upana wa mita 14. Mbona basi mlinganyo umelikubali jibu hilo? Kwa sababu linafanya urefu kuwa −10 na upana kuwa −16, na hasi mara hasi ni chanya, hivyo zao lake nalo ni 160. Mlinganyo unajua namba tu. Habari za bustani ni wajibu wako kuzikumbuka. Jibu ni mita 2, na uthibitisho wake ni 16 × 10 = 160.

Mafumbo ya biashara huja kwa sura nyingine, kwa kuwa humo mgawanyo hutangulia. Mchuuzi alinunua machungwa kwa shilingi 6,000. Kama kila chungwa lingepungua bei kwa shilingi 50, fedha hizohizo zingempatia machungwa 4 zaidi. Alinunua kwa bei gani? Tuseme x ni bei ya chungwa moja kwa shilingi. Idadi aliyonunua ni 6000/x, na ambayo angenunua ni 6000/(x − 50). Angalia kwa makini ipi kubwa, maana hapo ndipo alama hukosewa: bei ikishuka idadi hupanda, kwa hiyo ya pili ndiyo kubwa.

6000/(x − 50) − 6000/x = 4

Zidisha pande zote kwa x(x − 50), upate 300000 = 4x² − 200x, ambayo ni sawa na x² − 50x − 75000 = 0. Vigawo vya namba kubwa hivyo vinachosha kutafuta, kwa hiyo tumia kanuni ya jumla: 50² + 4 × 75000 = 302500, ambayo kipeuo chake cha pili ni 550. Basi x = 300 au x = −250. Bei haiwezi kuwa hasi. Jibu ni shilingi 300. Hakiki kwa maneno ya swali, wala si kwa mlinganyo ulioutunga mwenyewe, kwani huenda ndio wenye kosa: kwa shilingi 300 alipata machungwa 20, na kwa shilingi 250 angepata 24.

Kukataa jibu hasi ni desturi ya zamani. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kwa maneno matupu bila alama, alikokotoa mlinganyo ambao sisi tunauandika x² + 10x = 39, akatoa jibu 3 na kuiacha −13, kwa kuwa alichokuwa akikitafuta ni upande wa mraba.

Hata hivyo usikate jibu kwa mazoea. Mpira uliorushwa wima kutoka ardhini kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde huwa kwenye kimo cha takribani mita 20t − 5t² baada ya sekunde t. Ukiulizwa ni lini uko mita 15 juu, utapata t² − 4t + 3 = 0, yaani t = 1 na t = 3, na yote mawili ni sahihi: mara ya kwanza unapanda, mara ya pili unashuka. Kwa mita 20 jibu ni moja tu, sekunde 2, kwa kuwa hapo ndipo kilele chake. Kwa mita 25 utapata t² − 4t + 5 = 0, na chini ya alama ya kipeuo itatokea 16 − 20 = −4. Usidhani umekosea hesabu. Andika kwamba mpira haufiki kimo hicho.