Namna ya Kuchagua Saa Bora ya Mkononi kwa Bajeti ya Kati: Igeuze Kwanza

Saa nyingi zinazofika mezani kwangu Kariakoo zikiwa hazitengenezeki tena zilinunuliwa kwa sababu ya uso wake. Rangi ya buluu inayong'aa, mishale ya dhahabu, vijisaa vitatu vya pembeni ambavyo ni mchoro tu na havizunguki. Ubora wa saa uko kwingine: kwenye mashine, kwenye kasha, kwenye raba za kuzuia maji. Uzuri ni kwamba karibu vyote hivyo unaweza kuvikagua ukiwa bado dukani, pesa ingali mfukoni. Utaratibu ninaoufuata mimi mtu akiniomba nimtafutie saa ni huu.

Bajeti ninayoizungumzia ni kati ya Sh 200,000 na Sh 500,000 za Tanzania, ambazo kwa Kenya ni kama Sh 10,000 hadi 25,000. Ukiwa na chini ya hapo, nunua Casio ya dijitali kama F-91W, mradi uhakikishe ni orijino. Ilitoka mwaka 1989 na bado inatengenezwa, na betri yake hufika miaka saba. Ni saa ya plastiki ninayoiheshimu kuliko saa nyingi za chuma zinazouzwa mara tatu ya bei yake.

Hatua ya 1: Jua saa itaishi wapi

Kabla ya kutaja jina la kampuni, jiulize mkono wako unashinda wapi. Muuguzi anayenawa mikono mchana kutwa, dereva wa bodaboda, mwalimu, baharia wa Mombasa, mtu wa ofisini Dodoma: hawa hawahitaji saa ya aina moja. Anayenawa sana anataka mkanda usionyonya maji. Wa bodaboda anataka saa inayohimili mtikisiko na vumbi. Wa ofisini anataka saa nyembamba inayoingia chini ya mkono wa shati. Liandike jibu lako kwenye simu, maana muuzaji mwenye maneno matamu atakusahaulisha.

Hatua ya 2: Chagua mashine

Hapa usiende haraka, kwa kuwa mashine ndiyo utakayoilipia kwa miaka yote utakayokuwa na saa hiyo.

Saa ya betri ina kijipande cha fuwele ya quartz kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti ndogo huihesabu mitetemo hiyo na kuusogeza mshale kila sekunde inapotimia. Seiko ndio waliotangulia kuuza saa ya mkononi ya namna hii, huko Tokyo mwezi Desemba 1969, na bei yake ilikuwa kama ya gari dogo. Leo mashine ya aina hiyo inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Inayotumika sana ni Miyota 2035, ya kampuni ya Citizen, ambayo hukosea kama sekunde 20 kwa mwezi. Ikifa, fundi haitengenezi, anaitoa nzima na kuweka mpya. Kwa mwenye bajeti ya kati hilo ni jambo jema sana.

Ya pili ni saa inayotumia mwanga. Citizen wanaziita Eco-Drive. Chini ya uso kuna kisahani kinachogeuza mwanga kuwa umeme na kuuhifadhi kwenye betri ndogo inayochajika. Modeli kama BM8180 ikijaa hukaa hadi siku 180 gizani bila kusimama, na kwa jua letu kuijaza si kazi. Jambo moja tu la kuangalia: usiinunue ikiwa imesimama kwa sababu imekaa kabatini muda mrefu, mpaka muuzaji aiweke kwenye mwanga na uione inatembea vizuri.

Ya tatu ni otomatiki, isiyo na betri. Ndani kuna nusu duara ya chuma inayozunguka unapotembeza mkono na kukaza springi. Nazipenda saa hizi kwa moyo wote, lakini mnunuzi lazima aambiwe ukweli. Mashine ya Seiko 4R36, ambayo ni imara na utaikuta kwenye Seiko 5 nyingi za sasa, kiwandani inaruhusiwa kuchelewa hadi sekunde 35 au kutangulia hadi sekunde 45 kwa siku. Kwa siku, si kwa mwezi. Ukiivua Ijumaa jioni na kuiacha, Jumatatu asubuhi utaikuta imesimama. Na baada ya miaka kadhaa mafuta yake hukauka, ikabidi ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta upya, kazi ambayo gharama yake inaweza kukaribia nusu ya bei uliyonunulia.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama utakuwa na saa moja tu, chukua ya mwanga au ya betri. Kama unapenda kusikia mashine ikipiga sikioni na hukerwi na kuirekebisha kila wiki, tafuta Orient au Seiko 5. Orient iko chini ya Seiko Epson na hujitengenezea mashine zake yenyewe, na kwa pesa hiyo sijaona otomatiki inayoizidi.

Hatua ya 3: Igeuze

Usiuangalie uso bado. Mwombe muuzaji saa, ilaze kifudifudi kwenye kiganja, usome mfuniko wa nyuma.

Ukikuta maandishi "Stainless Steel Back", maana yake ni kwamba mfuniko huo peke yake ndio wa chuma kisichoshika kutu. Kasha lililobaki mara nyingi ni shaba au aloi laini iliyopakwa rangi ya fedha, na wengine huandika kabisa "Base Metal Bezel". Jasho la hapa Pwani huila rangi hiyo kuanzia kwenye masikio, pale mkanda unapoingia. Kwanza hupauka, halafu shaba hujitokeza, kisha ukijani hubaki kwenye ngozi. Unalolitafuta ni "All Stainless Steel" au "Stainless Steel" bila neno "Back". Pindua uangalie pia upande wa ndani wa masikio, sehemu ambayo mtengenezaji wa bei rahisi hajisumbui kuing'arisha. Rangi ikionekana imejikunja au ina vipele, irudishe.

Kisha tazama mfuniko unavyofungwa. Wa kuzungusha, wenye vijichanjo pembeni vya kushikia kifaa, au wenye skrubu nne, huikandamiza raba vizuri. Wa kubonyeza unatosha kwa saa ya ofisini, lakini ukifunguliwa ovyo kila betri inapobadilishwa, huanza kupitisha unyevu.

Namba nazo zisome. Kwenye Seiko, tarakimu nne za mwanzo kabla ya kistari, kwa mfano 4R36, ndizo namba ya mashine. Kwenye namba ya mfululizo, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na inayofuata ni mwezi. Kwenye Casio, namba ya mashine hukaa ndani ya kijisanduku. F-91W ya kawaida ina 593. Zitafute namba hizo kwenye intaneti hapo hapo dukani. Picha zikikuletea saa nyingine kabisa, uliyoishika ni kopi. F-91W ina pia kipimo kingine: bonyeza kitufe cha kulia bila kukiachia kwa sekunde tatu, jina la Casio litokee kwenye skrini. Zipo kopi zilizojifunza hata hilo, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

Na sasa ukiigeuza usoni, soma maandishi madogo chini ya 6. "Japan Movt" inasema mashine imetoka Japani, haisemi saa imetengenezwa Japani. "Swiss Made" ina sheria nyuma yake: tangu 2017, angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa lazima ziwe za Uswisi. Ukiiona kwenye saa ya Sh 30,000, jibu unalo. Neno "Quartz" halithibitishi kitu, liko hata kwenye saa za kugawa harusini.

Hatua ya 4: Uelewe maandishi ya maji

Wateja wengi huniletea saa iliyojaa mvuke wakisema, "Fundi, mbona imeandikwa mita 30?" Mita hizo ni za shinikizo lililopimwa maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Mkono unaopiga maji, au bomba linalofunguliwa kwa nguvu, huleta shinikizo la ziada. Ipime hivi:

- Mita 30: matone ya mvua na kunawa kwa uangalifu.
- Mita 50: kufua na kuosha vyombo. Kuogelea usijaribu sana.
- Mita 100: kuogelea bila wasiwasi.
- Mita 200: baharini, hasa kama kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia mishale, ni cha nyuzi, yaani kinafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu.

Kwa anayeishi karibu na bahari, Casio Duro ni chaguo ninalolirudia mara nyingi: mita 200, mfuniko wa kuzungusha, kifundo cha nyuzi, mashine ya betri. Ni kubwa, milimita 44, kwa hiyo mwenye mkono mwembamba aijaribu kwanza.

Maji ya moto ni hatari kuliko ya baridi, maana raba hulainika na mvuke hupenya pasipopita tone. Kama unaoga maji ya moto, ivue, hata iwe ya mita 200.

Hatua ya 5: Kioo

Mchanga wetu una chembechembe za quartz, zenye ugumu wa karibu 7 katika kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida kilichokazwa, kinachoandikwa "Mineral", kiko chini ya hapo, ndiyo maana ukuta wa sementi unakichubua. Kioo cha yakuti ya kutengenezwa, kinachoandikwa "Sapphire", kina 9 na hakichubuliwi na mchanga. Kikipigwa kwa pembeni, hata hivyo, kinaweza kupasuka.

Muuzaji akikukwaruzia kioo kwa ufunguo wa nyumba ili uamini ni yakuti, usiamini. Ufunguo wa shaba ni laini kuliko hata kioo cha kawaida, kwa hiyo jaribio hilo halisemi lolote. Kwa bajeti hii mimi huchukua kasha zuri lenye kioo cha kawaida kuliko yakuti iliyobandikwa kwenye kasha la shaba. Kioo hubadilishwa. Kasha likiliwa na jasho, saa imekwisha.

Hatua ya 6: Mkanda

Mkanda usikunyime usingizi, kwa kuwa ni kitu cha kubadilisha. Chukua rula upime nafasi kati ya masikio. Milimita 18, 20 na 22 ni rahisi kupata mikanda yake. Orient Bambino nyingi za milimita 40.5 zina nafasi ya 21, na mafundi tunahangaika nazo. Kama ni cheni, shika kipingili kimoja: cha chuma kizima ni kizito na hakina uwazi; cha bati lililokunjwa utaliona kunjo lake kwa pembeni, nacho hulegea mapema. Ngozi haipendi unyevu wa Pwani. Nailoni na silikoni zinavumilia.

Hatua ya 7: Ijaribu juu ya meza

Fungua kamera ya simu, vuta karibu, uangalie nembo na alama za saa. Kwenye orijino kingo za herufi zimekatika safi. Kwenye kopi wino umetambaa. Vuta kifundo, zungusha mishale mpaka 12 kamili: wa saa na wa dakika ilaliane. Endelea mpaka tarehe ibadilike, uone kama inakaa katikati ya kidirisha. Kifundo kikicheza sana kikiwa kimevutwa, mashine ni dhaifu au imechoka. Kama saa ina tarehe ya kurekebisha haraka, usiirekebishe mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana meno ya tarehe huwa yameshikana na unaweza kuyavunja.

Mshale wa sekunde wa saa ya betri ukiruka sekunde mbili au zaidi kwa mkupuo, betri inakwisha. Hiyo si kasoro, ila ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke.

Kwa saa ya mtumba, sharti ni moja: ifunguliwe mbele yako. Ukiona unga mweupe au wa kijani kuzunguka betri, au raba iliyokauka na kukatika, iache hapo hapo.

Hatua ya 8: Betri ya kwanza utakayobadilisha

Hapa ndipo saa nzuri nyingi huharibiwa. Saa nyingi za mishale hutumia SR626SW, betri ya oksidi ya fedha yenye volti 1.55, inayoitwa pia 377. Ukubwa wake ni sawa kabisa na AG4, ambayo ni ya alkali, bei chee, na huvuja kwa urahisi zaidi. Zote mbili zinaingia, na saa inatembea siku hiyo hiyo, kwa hiyo mteja hajui amewekewa ipi. Mwambie fundi akuonyeshe betri mpya ikiwa bado kwenye pakiti, usome herufi SR mwenyewe, na umwombe aipake raba grisi ya silikoni kabla hajafunga mfuniko. Saa ikisimama na huna nafasi ya kununua betri nyingine, iliyokufa itolewe wiki hiyo hiyo, isiachwe ndani.